Marraine Habatizi Kitabu Chenye Kosa

Kwetu Bukavu kitabu hakizinduliwi, kinabatizwa. Mtu akimaliza kuandika na akapata wa kumchapia, anatafuta ukumbi, anatafuta viti vya plastiki, kisha anatafuta parrain au marraine, yaani baba au mama wa ubatizo. Huyo ndiye anayesimama mbele ya watu, akakinyunyizia kitabu kitu fulani, akakipa baraka na kukinunua wa kwanza. Wengi wanatafuta mtu mwenye gari. Anafika amechelewa, anamwaga champagne juu ya jalada, anasema kitabu ni kizuri sana, anauliza mwandishi ni yupi, anaenda zake.

Sisi wahitimu wa chuo chetu tulikuwa na Marraine mmoja tu, na hakuwa na gari. Alikuwa mwalimu mstaafu, naye mhitimu wa chuo hichohicho, na mji mzima ulimwita Marraine, hata watu ambao hawajawahi kuandika zaidi ya sahihi yao. Mimi nilikuwa sekretere wa chama cha wahitimu, kazi isiyo na mshahara na yenye funguo nyingi. Miaka yote ya vita nilipanda na kushuka mtaa wake wa Nyalukemba kumpelekea vitabu vipya, kisha nikarudi kuwaambia waandishi kwamba hapana, bado.

Bado, kwa sababu Marraine alisoma. Shida yote ilianzia hapo.

Tena hakuanza mwanzo. Alikigeuza kitabu, akaanza na kurasa za mwisho, pale mwandishi anaposhukuru watu. "Ndani ya kitabu mutu anasemaka vile alisoma," aliniambia. "Ku remerciements njo anasemaka alikula kwa nani." Ile dédicace ya mbele, kwa mke wangu mpenzi, kwa marehemu baba yangu, aliiruka siku zote. Alisema hayo ni maneno ya kubembeleza, hayana ushahidi.

Wenzangu kwenye chama walidhani ni majivuno, kwamba anatafuta jina lake. Alikuwa anatafuta habari za mtoto wake.

Alikuwa na mtoto mmoja tu. Alisoma chuo chetu, mwaka mmoja mbele yangu, kijana mrefu, mpole, mwenye kusimama njiani kuangalia mtaro uliojengwa vibaya. Kati ya vita ya kwanza na ya pili ya nchi yetu, kile kipindi kifupi ambacho sote tulidhani ni amani, alipanda ndege akaenda Kinshasa kuendelea na masomo. Barua zake zilikuja na wasafiri. Halafu vita ya pili ikaanza, nchi ikakatwa, sisi tukabaki upande mmoja na Kinshasa upande mwingine, simu zikafa. Kinshasa siku zile, sura ya mashariki na Kiswahili mdomoni vilitosha kumletea mtu balaa. Barua yake ya mwisho, iliyopitia Nairobi, ilisema anahama mtaa, bila kusema anahamia wapi. Baada ya hapo, kimya.

Kwa hiyo Marraine alisoma remerciements. Mhitimu wetu akichapisha kitabu Nairobi, au Bujumbura, au Ubelgiji, huenda alikutana na mtu aliyekutana na mtu. Kila kitabu nilichomletea alikigeuza nyuma kwanza, akapitisha kidole juu ya majina, polepole, mpaka chini. Kisha akasema, "Bon," yaani haya basi, akarudi mbele na kuanza kutafuta makosa. Hiyo "bon" niliichukia.

Watu wa mbali huniuliza nani alikuwa na moyo wa kuandika vitabu wakati ule. Kila mtu. Mishahara haikuja, barabara zilifungwa, na siku za ville morte tulifunga milango tukakaa nyumbani mji mzima, ili wenye bunduki waelewe kwamba tumekasirika. Msomi akikaa nyumbani muda mrefu, anaandika. Tulipata kitabu juu ya magonjwa ya mbuzi, kitabu juu ya sheria za ardhi, kitabu juu ya ndoa kilichoandikwa na padri, na mashairi, Mungu wangu, mashairi mengi mno. Mashairi Marraine aliyasoma akiwa amesimama. Alisema akikaa atalala.

Sheria yake ilikuwa moja: habatizi kitabu chenye kosa. Kosa la tahajia alisamehe, kwa sababu alijua hali ya wapiga chapa wetu. Alichokataa ni uongo: mto kuwekwa mahali pasipo pake, mtu aliye hai kuitwa amekufa, chifu kupewa miaka ya mwenzake. Mwandishi alipaswa kukaa mbele ya ukumbi na bic mkononi, akosoe nakala zote, moja baada ya moja, watu wakitazama. Ndipo Marraine asimame. "Kwanza penitensia, nyuma ubatizo," alisema. Abbé mmoja, padri wa mjini, alimweleza kwa upole kwamba katika Kanisa mambo yako kinyume, mtu anabatizwa kwanza ndipo anaungama.

"Njo maana Wakristo bako vile, Abbé," alimjibu.

Namkumbuka daktari wetu wa kilimo, mtu mzito, mwenye kitabu juu ya mmomonyoko wa udongo. Kwenye ramani yake alikuwa amekihamisha kilima kimoja cha Mumosho, upande wetu, akakiweka ng'ambo ya mto Ruzizi wa mpakani, nchi ya watu. Marraine alimtikisia ramani mbele ya uso.

"Papa Docteur, vita imeshabeba café yetu ya shamba, imebeba ng'ombe, imebeba mpaka mabati. Na weye unabapatia na kilima?"

"Marraine, ni kosa ndogo ya dessinateur mwenye alichora."

"Kilima iko ndogo?"

Docteur akakaa mbele ya wageni, wenye suti na wenye vitenge, akarudisha kilima nyumbani kwa bic ya bluu, nakala kwa nakala. Kwaya ya mamans iliimba nyimbo zote ilizokuwa nazo, kisha ikarudia za mwanzo. Soda zikapata joto. Hakuna aliyeondoka, maana wengi wetu tulikuwa na vitabu vyetu njiani na tulitaka kuonekana wavumilivu.

Champagne hakuitaka, na bia ndiyo kabisa. Alikuwa na sababu. Kitabu cha kwanza alichobatiza maishani alikimwagia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa kuwa alitaka kitu cha nyumbani. Kasiksi ina sukari. Kurasa ziligandana, na tangu siku ile hakuna aliyejua mlango wa pili ulisema nini. Mwandishi akapewa pole kama mtu aliyefiwa. Baada ya hapo Marraine akatumia unga wa muhogo, kiasi cha ncha za vidole, na ibada ikiisha alikikung'uta kitabu juu ya bakuli lake, unga ukarudi nao ukapikwa bugali kesho yake. Njaa ilikuwepo, hakuna wa kumcheka. Niliwahi kula bugali wa kile kitabu cha sheria za ardhi. Ulikuwa bugali tu.

Msiniulize kama alikuwa mtu mwema. Chai yake haikuwa na sukari kwa wageni, na yeye mwenyewe alikuwa akilamba sukari jikoni, nilimuona. Aliwasema watu vibaya kwa sauti ya chini akiwa kanisani, na alidai sauti ya chini ndiyo heshima. Nyumba yake ilitazama ziwa moja kwa moja, lakini alikuwa ameweka viti vyote vikitazama ukuta, kwa kuwa maji mengi yalimtia kizunguzungu. Akikupenda alikutafutia kosa. Asipokupenda alikuambia kazi yako ni nzuri, na hapo ujue umekwisha.

Na huyu bibi wa ukweli, uongo aliujua vizuri. Kile kitabu cha sheria kilichapwa Bujumbura, na mwandishi wake, avocat mwenye sauti kubwa mahakamani, aliogopa kwenda kuchukua katoni. Akaenda Marraine, akaniburuta na mimi. Tulipofika Kamanyola tukirudi, kwenye barrière iliyofunga barabara, mwanajeshi akaikalia katoni yetu.

"Iko nini ndani?"

"Katekisimu," akasema Marraine.

Mwanajeshi akafungua, akasoma kidogo, midomo ikicheza. "Maman, katekisimu hii iko na ba article, kama ya sheria?"

"Eeh, mutoto wangu. Amri za Mungu zimeongezeka, juu ya vita."

Yule kijana alicheka mpaka akashika bunduki isianguke, akatuachia tupite. Garini nilimuuliza Marraine kama lile halikuwa kosa. Akaniangalia kwa huruma. "Ule hakuniuliza juu apate kujua. Aliniuliza juu apate kubeba."

Mwaka mmoja wakati wa vita ya pili, watu wenye silaha walivamia kiwanja chake, wakapora, wakachoma nyumba kubwa. Yeye alikuwa Mumosho kwenye matanga ya mdogo wake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kidogo, annexe, na ndani yake mpangaji, maman mmoja muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, mjane, mtu wa kuimba akikaanga. Huyo ndiye waliyemuua. Marraine alirudi akakuta jeneza linatoka kwenye kiwanja chake, akalifuata kwa miguu na mzigo wake bado kichwani. Kisha akahamia kwenye annexe ya marehemu na kuishi humo, vitabu vikipanda ukutani mpaka dirisha likazibika. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na ubatizo. Nilimwambia tuahirishe.

"Kitabu iko na kosa?" akauliza.

"Hapana."

"Bon."

Alikuja na nguo ileile ya matanga, akanyunyiza unga mbali na kitabu, mpaka ukanifikia mimi kwenye kiti changu. Aliporudi kukaa aliniambia sikioni kwamba harufu ya sambaza haijatoka kwenye kile chumba, na kwamba hataki itoke.

Vita, kwenye karatasi, ikaisha. Nchi ikashonwa tena. Ndege za kutoka Kinshasa zikaanza kutua uwanja wa Kavumu, na simu za mkononi zikaingia, kila mtu akisimama juu ya kifusi kutafuta mtandao. Chama chetu kikaamua kufanya ubatizo wa pamoja wa vitabu vipya vya wahitimu wote, wa huku na wa kule. Tukatangaza redioni. Siku moja nikaitwa kuchukua katoni iliyokuja na ndege, imefungwa kwa kamba na kulowa pembe moja. Nikaifungua ofisini peke yangu, kitabu cha juu kikiwa kinene, juu ya historia ya barabara za Kivu. Nikasoma jina la mwandishi.

Sikufunga ofisi. Niliteremka Nyalukemba mbio, mtu mzima mwenye tai, watu wakiuliza kama mji umeshambuliwa tena. Nilimkuta Marraine mbele ya annexe anamenya viazi.

"Marraine, angalia jina."

Akaangalia. Akaweka kisu chini. Akanawa mikono, akaifuta kwa kitenge, akanawa tena. Akavaa miwani. Halafu, kwa kuwa yeye alikuwa yeye, akakigeuza kitabu nyuma.

Remerciements zilijaza ukurasa mzima. Kidole kikaanza kushuka. Maprofesa, wenzake wa masomo, abbé mmoja, mwenye nyumba, dactylo aliyempigia mashine. Kikafika chini. Kikarudi juu, kikashuka tena, sasa haraka.

"Siko," akasema.

"Marraine..."

"Ameshukuru dactylo. Ameshukuru mwenye nyumba, mutu mwenye analipishaka! Mi siko." Akakifunga kitabu, akaweka kiganja juu yake. "Bon. Iko muzima. Mutoto wangu iko muzima. Inatosha." Lakini uso wake haukusema inatosha. Mdomo ulikuwa unacheza, na nilimuona amekuwa bibi kizee pale pale kwenye kigoda.

Nilikichukua mimi kitabu, kwa kukosa kazi ya kuipa mikono yangu. Nikafungua mbele, ukurasa wa dédicace, ule ambao hakuwahi kuusoma katika kitabu chochote. Nikausoma kimya, kisha nikataka kuufunga. Alikuwa ameshaona macho yangu.

"Soma."

Kilikuwa kitabu cha Kifaransa, lakini nilimsomea kwa lugha yetu, maana Kifaransa kilinikwama. "Kwa ukumbusho wa marehemu mama yangu, aliyeuawa Bukavu."

Jirani alikuwa anapigilia bati.

"Ni maman wa sambaza," akasema Marraine. "Baliona jeneza inatoka kwangu. Mutu alibeba ile habari mpaka kule."

Ndivyo ilivyokuwa, tulikuja kuthibitisha. Msafiri mmoja aliona jeneza likitoka kwenye mlango wa Marraine, nyumba imeungua nyuma yake, akapanda gari la Uvira siku hiyohiyo, na baada ya kuzunguka nchi za watu akafika Kinshasa na habari yake, kwa moyo mzuri kabisa. Kijana akasomesha misa, akanyoa nywele, akaacha kutafuta. Nani anatafuta anwani ya marehemu?

Halafu Marraine akalia. Nataka hili lijulikane, kwa sababu wapo wanaosimulia kwamba alicheka. Hakucheka. Alilaza kichwa kwenye magoti, juu ya maganda ya viazi, akalia kwa sauti. "Alinililia peke yake! Mutoto wangu alikaa ku matanga yangu peke yake, na mi niko hapa nabatiza vitabu vya batu." Niliogopa, maana sikuwahi kumuona hivyo. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikamshika mabega, nikalia na mimi, na jirani akaacha kupigilia, akaja kuuliza nani amekufa.

Alipomaliza alijifuta, akatafuta miwani kwenye maganda, akaipata. "Sekretere," akasema, "hii kitabu iko na kosa."

"Iko nalo, Marraine."

"Na mi sibatizake kitabu yenye kosa."

Ndani ya jalada palikuwa na namba ya mpiga chapa wa Kinshasa. Tukapanda kwenye kifusi cha nyumba kubwa, mahali palipokuwa sebule, nikapiga. Mpiga chapa alipopokea, Marraine akaninyang'anya simu na kuongea Kifaransa chake cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Amwambie mwandishi wa kitabu cha barabara kwamba dédicace ina kosa zito. Aje Bukavu yeye mwenyewe, alete bic, akosoe nakala zote. Mpiga chapa akauliza ni nani anayeongea.

"Ni marehemu," akasema Marraine.

Mpiga chapa akakata. Ilibidi nipige tena, nieleze polepole, niape kwa Bikira Maria, nitaje kazi ya chama chetu na jina la kila mwalimu niliyemkumbuka. Mwishowe nikasikia mtu mzima anasema, "Eh, Nzambe," Mungu wangu kwa Kilingala, na kuanza kumwita mkewe.

Kijana alipiga jioni ileile. Yale waliyosemezana siyajui, nilishuka kwenye kifusi nikawaacha. Kutoka chini nilisikia tu sauti ya Marraine ikirudia kwamba ndiye yeye: "Njo mimi. Njo mimi. Njo mimi."

Siku ya ndege ya kijana, Marraine alisema haendi Kavumu. Mwandishi ndiye anayemfuata marraine, alisema, si marraine anayemfuata mwandishi. Nikaenda peke yangu na gari la kuazima. Nikamkuta Marraine ameketi juu ya bidon, dumu tupu la maji, mbele ya uwanja, amevaa kitenge kipya. Aliniambia amekuja kununua mihogo. Ndege iliposhuka alisimama, akakaa, akasimama. Kijana alitoka wa mwisho, amenenepa, ana mvi, anatembea akitazama lami. Alipoinua macho aliangusha begi, na begi la mtu nyuma yake pia. Sitasimulia zaidi. Mihogo hatukununua.

Ubatizo ulifanyika Jumamosi, ukumbi umejaa mpaka madirishani, maana mji ulikuwa umesikia. Vitabu vingine havikuwa na makosa, au Marraine hakuyatafuta, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ilipofika zamu ya kile cha barabara, akaashiria kiti na meza mbele. Nikaweka katoni, na kijana akaketi kukosoa.

Haikuwa kazi kubwa kwa macho. Alifuta "ukumbusho wa marehemu," akafuta "aliyeuawa," na kila ukurasa ukabaki na maneno machache: Kwa mama yangu, Bukavu. Nakala ya kwanza aliifuta vizuri. Ya pili ikamshinda, akaweka mkono machoni. Kwaya ikataka kuanza, Marraine akaizuia kwa kidole. Akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mwanawe, akaweka mkono kwenye shingo yake kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika.

"Usimwagie machozi ku karatasi," akamwambia. "Nitaweka unga, itakuwa bugali."

Ukumbi ukacheka, ukalia, avocat wetu mwenye sauti kubwa akiwa wa kwanza. Kijana akaendelea, nakala kwa nakala. Hata Docteur wa kilima alitoa leso. Mimi nilikuwa na kazi ya kupanga nakala zilizokosolewa, na nilizipanga vibaya, maana sikuona vizuri. Ilipoisha Marraine akachukua unga, na tangu nimjue hakuwahi kuuchota mwingi namna ile. Tulirudi nyumbani weupe.

Miaka ilipita, na taabu zake: mji ukaporwa tena, ukatulia tena. Kijana alirudi Kinshasa kufundisha, sasa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Marraine akaanza kuchoka. Moyo, madaktari walisema. Yeye alisema ni viti, hakuna anayejua kutengeneza kiti siku hizi. Alibatiza vitabu akiwa ameketi, kisha akabatizia nyumbani, kisha akaacha kubatiza, na waandishi wetu wakarudi kwa watu wenye gari.

Mara ya mwisho kukaa naye nilimpelekea karatasi za majaribio za kitabu cha mwanawe, kinachapwa mara ya pili. Kijana alikuwa njiani, anafika wiki ile. Nilimkuta kitandani, ndani ya annexe, na kitanda kilikuwa kimegeuzwa, vitabu vimeondolewa dirishani. Kilitazama ziwa. Niliona lakini sikusema kitu.

Macho yalikuwa yamepungua. Aliniambia nianze na remerciements, nikamsomea yote, dactylo na mwenye nyumba wakiwemo. Akatikisa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo katika miaka yote hajawahi kulisema: "Na dédicace?"

Nikafungua mbele. Mpiga chapa alikuwa ametumia maandishi ya zamani. Yote yalikuwa yamerudi: ukumbusho, marehemu, aliyeuawa.

"Amerudisha kosa," nikasema. "Usijali Marraine, nitamupigia simu leo."

Alicheka, cheko dogo lililomkohoza. Nikamnywesha maji. Akapumzika, akitazama lile ziwa lake la kizunguzungu.

"'Aliyeuawa,' ile ufute, ile iko uongo," akasema. "Ingine uache. Kwa mupiga chapa mambo inakawiaka. Kitabu itatoka, itakuta ni kweli."

Nilikuwa nimekuja na habari za chama, za nani ameandika nini, na zote zilinitoka. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, midogo, na chini ya kucha mlikuwa bado na unga kidogo, au ndivyo nilivyotaka kuona.

"Marraine," nikasema, "leo ile neno ni kosa."

Akageuza kichwa. "Leo ni kosa?"

"Leo ni kosa."

Alifikiri. Nilimuona akitafuta njia ya kupita, kama alivyoipata Kamanyola, asiipate. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Akapeleka mkono chini ya mto, akapapasa, akatoa bic.

"Basi kosoa," akasema.

Nikaweka karatasi juu ya goti, nikafuta yote. Akanyoosha mkono nimpe. Akaisogeza karatasi mpaka karibu na pua, akaikagua muda mrefu.

"Mustari haikunyooka," akasema.

Nikaichukua, nikachora tena.